Nguo Tulizovaa na Kazi Tulizofanya

(Mazungumzo ya redioni. Soma kwanza: 1 Samweli 2:18-20, Luka 8:26-39, Yakobo 2:1-9.)

 Ninyi mlio majumbani, mlio safarini, mlio hospitalini, na ninyi akina mama ambao hivi sasa mnanisikiliza huku mikono yenu imo ndani ya karai la nguo, karibuni tuketi pamoja kwa muda.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli iko habari fupi ambayo wengi wetu huipita haraka. Hana alikuwa amemtoa mwanawe Samweli amtumikie Bwana katika nyumba ya Mungu kule Shilo. Mtoto alikuwa mbali na nyumbani. Lakini kila mwaka Hana alipopanda kwenda kutoa dhabihu pamoja na mumewe, alimpelekea mwanawe kanzu ndogo aliyomshonea yeye mwenyewe. Fikirini jambo hilo, ninyi wazazi. Mtoto hakuwapo nyumbani apimwe mabega. Ilimpasa mama akadirie katika moyo wake: mwaka huu atakuwa amerefuka kiasi gani? Kisha akakata kitambaa, akashona. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuandika katika Maandiko habari ya nguo ya mtoto na kazi ya mikono ya mama.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya nguo na kazi za nyumbani, jinsi zilivyokuwa tulipokuwa watoto sisi tuliozaliwa hapa Pwani ya Kenya kabla ya uhuru. Sisemi ili tucheke ya kale, wala sisemi ili tuyasifu kupita kiasi. Wazee tuna desturi ya kusema kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Si kweli. Yalikuwako mema, na yalikuwako machungu mengi. Lakini Musa aliwaonya wana wa Israeli wasisahau njia yote ambayo Bwana aliwaongoza. Mtu asiyejua alikotoka hawezi kushukuru vizuri.

Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya Mombasa, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Rabai. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ukiingia katika uwanja wetu siku ya Jumapili asubuhi, ungeweza kusoma historia ya nchi hii kwa kutazama nguo tu. Nyanya mzaa baba alivaa hando, vazi la akina mama wa Kimijikenda: kitambaa kirefu kilichokunjwa marinda mengi na kufungwa kiunoni, na juu yake akajitupia leso mabegani. Nyanya mzaa mama alivaa leso mbili, doti kamili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Mama alivaa gauni lenye mikono, na ndani yake shimizi, na leso kiunoni juu ya gauni. Sisi wavulana tulivaa kaptura za khaki zenye viraka viwili nyuma, duara mbili kama macho ya bundi, maana hapo ndipo benchi la shule lilipokula nguo kwanza.

Kila mtoto alikuwa na nguo mbili: ya kushindia na ya kanisani. Nguo ya kanisani ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na ilitoka siku ya Bwana, na Krismasi, na siku ya mazishi. Ikikuwia fupi, inateremshwa pindo. Ikizidi kuwa fupi, inakwenda kwa mdogo wako. Ikichakaa, inakuwa ya kushindia. Ikichanika, inakuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Na ikimalizika kabisa, unakatwa utambi wa koroboi. Nguo moja ilihudumu katika nyumba mpaka ikageuka mwanga.

Lakini nguo zenyewe zilitoka wapi? Hapa, ndugu zangu, iko historia ambayo yafaa watoto wetu waijue.

Kitambaa kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa kile cheupe, kizito, kilichoitwa merikani. Jina hilo si la bure. Tangu miaka ya 1830, merikebu za wafanyabiashara kutoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuja Unguja zikiwa na majora ya kitambaa hicho. Mwaka wa 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka wa 1837 ikaweka balozi wake mdogo pale Unguja. Merikebu ziliporudi zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani ikawa kama fedha. Misafara iliyokwenda bara ilibeba majora mabegani mwa wapagazi, na kwa kitambaa hicho walinunua chakula njiani na kulipa hongo kwa wakuu wa nchi.

Sasa sikilizeni vizuri. Pamba iliyofumwa katika viwanda vile vya Marekani ililimwa na kuchumwa na watumwa, watu weusi, katika majimbo ya kusini ya nchi ile. Na kitambaa kilipofika kwetu, kilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizotumika kununulia pembe, na kununulia watu pia. Mwafrika wa ng'ambo alilima pamba katika minyororo, na pamba ile ile ikavuka bahari ikamnunua Mwafrika mwingine huku. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoikata biashara ile, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikashika nafasi yake, ingawa watu waliendelea kuviita merikani. Nguo nyeupe inaweza kuwa na historia nyeusi. Tunapovaa vizuri na kumshukuru Mungu, tukumbuke pia kuuliza ni jasho la nani.

Katika miji ya pwani wakati wa utumwa, nguo ilikuwa kama cheti cha mtu. Ulipomwona mtu kwa mbali ulijua yeye ni nani kwa alichovaa. Mtumwa hakutazamiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande cha merikani, au cha kaniki, yaani kitambaa cha bei nafuu kilichotiwa nili mpaka kikawa cheusi-cheusi. Alikifunga chini ya makwapa, mabega yake yakawa wazi, na kichwa chake hakikufunikwa. Kujitanda kichwani kulikuwa kwa waungwana.

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka wa 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Ile kengele ya Freretown ingaliko pale Kengeleni, na mahali pale pamepata jina kwa ajili yake. Kule Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi mwaka wa 1846, watumwa watoro walikimbilia kwa mamia. Mtu aliyewapokea, William Jones, aliwahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi Mombasa mwaka wa 1864 kuihubiri Injili. Mabwana wa watumwa walidai mali yao. Hapo ikafanywa suluhu: mabwana walilipwa fedha, na siku ya kwanza ya Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza akatoa vyeti vya uhuru kwa watoro wapatao 1,400 waliokuwa Rabai na katika vituo vingine vya misheni. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria katika Pwani yetu mwaka wa 1907.

Nyanya mzaa mama alituambia kwamba mama yake alikuwa miongoni mwa watoro wale wa Rabai. Hakutueleza mengi, maana mama yake naye hakusema mengi. Lakini jambo moja lilijulikana katika ukoo: yule mama, tangu siku alipopewa cheti chake mpaka siku alipozikwa, hakuvaa kaniki tena. Hata ya kulimia. Alisema afadhali leso iliyochanika yenye maua kuliko kaniki mpya. Na nyanya yetu akaishika desturi ile. Watu wengine walimwona kuwa mwenye maringo, mwanamke maskini kwenda shambani na leso ya rangi. Hawakujua maana yake.

Na hiyo leso nayo ina habari zake. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno. Kwao maana yake ni kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kwamba akina mama wa pwani walinunua vitambaa vile vikiwa bado jora, wakakata vipande sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja kubwa ya kupendeza. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyokwisha pigwa chapa. Wengine wakaiita kanga, kwa sababu madoadoa yake yalifanana na yule ndege. Sisi wa Mombasa tukaendelea kusema leso. Mwaka wa 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake ya leso pale Mombasa, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" imefahamika katika Afrika Mashariki nzima. Leso ina pindo lake, ina mji wake wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Hapo kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi hizi tunazotumia shuleni. Wanawake wengi waliotoka utumwani walizipenda leso, kwa sababu walipojitanda leso hakuna aliyeweza tena kusema, "Tazameni mtumwa."

Je, hamwoni jambo hili katika Injili? Luka sura ya 8 yatueleza juu ya mtu wa nchi ya Wagerasi aliyepagawa na pepo. Muda mrefu hakuvaa nguo, wala hakukaa nyumbani, bali makaburini. Walimfunga kwa minyororo. Yesu alipomponya, watu wakaja wakamkuta ameketi miguuni pa Yesu, amevaa nguo, na akili zake timamu. Luka angeweza kusema tu kwamba alipona. Lakini ametaja nguo. Mtu aliyekuwa amefungwa kama mnyama sasa amesitiriwa kama mtu. Na kabla ya hapo, katika Mwanzo sura ya 3, Adamu na mkewe walipokuwa wamekosa na kuona haya, Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi. Alikuwa na neno la hukumu juu yao, hata hivyo hakuwaacha waende uchi. Kazi ya Mungu ni kumsitiri mwanadamu. Kazi ya Shetani ni kumvua.

Lakini, wapendwa, hata katika nyumba ya Mungu tunaweza kulivunja jambo hili. Nyanya mzaa baba, yule wa hando, alipoanza kuvutwa na Neno, alikwenda kanisani siku ya Jumapili akiwa amevaa vazi lake, ndilo alilokuwa nalo. Sitalitaja kanisa lenyewe. Mlangoni akakutana na mzee mmoja aliyemwambia kwamba nyumba ya Mungu si mahali pa hando. Arudi nyumbani akatafute gauni. Nyanya hakuwa na gauni, na bei ya gauni ilikuwa magunia kadhaa ya mbata. Hakugombana. Alikwenda akaketi chini ya mwembe ulioko karibu na dirisha, akasikiliza kutoka pale. Jumapili iliyofuata akarudi, akaketi pale pale. Na ya tatu vivyo hivyo.

Jumapili ya nne, mke wa mwinjilisti alitoka ndani katikati ya ibada, mtoto mgongoni, gauni lake limepigwa pasi vizuri, akaenda akaketi mchangani karibu na nyanya. Hakusema neno. Baada ya kitambo akatoka mama mwingine. Mahubiri yalipokwisha, walikuwa akina mama saba chini ya mwembe. Baada ya siku ile hakuna aliyezuiwa mlangoni tena. Nyanya alibatizwa akiwa na nguo nyeupe aliyoshonewa na wale akina mama, na siku za kawaida aliendelea kuvaa hando lake mpaka uzeeni. Yakobo alikwisha kutuonya: akiingia katika kusanyiko mtu mwenye mavazi ya fahari, na akiingia maskini mwenye nguo chakavu, tukimpa huyu kiti na yule tukamwambia asimame pale, tumekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya.

Sasa tugeukie kazi, kwa maana nguo safi haijifui yenyewe. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Siku ya kazi katika nyumba yetu ilianza kabla ya jogoo kumaliza kuwika. Wasichana walikwenda kisimani. Kila mmoja alikuwa na kata ya majani kichwani, na juu yake debe. Lile debe, la mafuta ya taa yaliyokwisha, lilichukua lita 18 hivi za maji, kwa hiyo lilikuwa na uzito wa kilo 18 na zaidi. Safari mbili alfajiri, na mbili jioni. Waliporudi, mmoja alifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, akirudi nyuma nyuma ili asikanyage alipokwisha fagia. Mwingine alisugua sufuria kwa majivu na makumbi ya nazi. Mahindi yalitwangwa kinuni, wasichana wawili kwa zamu, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, na ukikosea mpigo unaumia. Nazi ilikunwa kwa mbuzi. Vioo vya taa ya chemni vilifutwa masizi kila jioni, kwa mkono mdogo wa mtoto, kwa sababu mkono wa mtu mzima haukuingia.

Sisi wavulana tulichunga mbuzi, tukakusanya nazi zilizoanguka, tukaanika mbata, na kusuka makuti ya kuezekea. Usifikiri tulikaa bure. Lakini lazima niseme kweli mbele za Mungu: kazi ya mvulana ilikuwa na mwisho, na kazi ya msichana haikuwa na mwisho. Mbuzi wakiisha kuingia zizini, sisi tulicheza. Wao waliingia jikoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua na kupiga pasi. Nguo zilipelekwa mtoni katika karai, zikapakwa sabuni ya kipande, zikasuguliwa juu ya jiwe, zikasuuzwa maji matatu. Nguo nyeupe zilitiwa buluu kidogo, iliyofungwa ndani ya kitambaa na kuzungushwa majini, zipate weupe wa kupendeza. Kola za mashati zilitiwa wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi kama uji. Kisha ikaja pasi ya makaa, ile ya chuma yenye mfuniko. Hutiwa makaa ya moto, hupepewa kwa kubembezwa huku na huku mpaka iwake, kisha hufutwa chini kwa jani la mgomba ili masizi yasiguse nguo. Ikiwa baridi, mikunjo haitoki. Ikiwa moto sana, shati la kanisani linapata alama ya pasi mgongoni, na hakuna shati jingine. Cheche moja ikiruka, tundu. Kazi ile ilihitaji macho, na subira, na mkono wenye nguvu, na ilifanywa na mtoto wa miaka kumi na moja.

Mtoto huyo alikuwa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenifulia na kunipigia pasi shati langu la shule. Mwalimu alikagua kola na kucha kila Jumatatu asubuhi, na shati langu lilisifiwa. Dada yangu naye alikuwa mwanafunzi katika shule hiyo hiyo, lakini alifika amechelewa karibu kila siku, kwa sababu ya kisima. Aliyechelewa alichapwa. Alipofika darasa la nne, nyumbani pakasemwa kwamba amekwisha kujua kuandika jina lake, yatosha. Kazi za nyumbani ni nyingi, na mama ana mtoto mchanga. Hakuna aliyekuwa mkali. Hakuna aliyemchukia. Ilikuwa desturi tu, na desturi haina uso unaoweza kuulizwa maswali. Akaacha shule. Mimi nikaendelea, na shati langu likaendelea kuwa jeupe.

Yale machache aliyojifunza darasani yalimtoka, kwa kuwa hakuwa na kitabu cha kusoma. Akaolewa, akazaa, akalea. Miaka yote hiyo alivaa leso zenye maneno asiyoweza kuyasoma. Dukani alichagua kwa rangi, na kumwomba muuzaji amsomee, asije akavaa maneno ya kumtukana jirani. Mwaka wa 1979 serikali ilipoanzisha masomo ya watu wazima nchini kote, yale tuliyoyaita gumbaru, naye akaingia, akiwa na miaka zaidi ya thelathini, akikaa kwenye benchi pamoja na mama mkwe wake. Jambo la kwanza alilosoma peke yake, bila kusaidiwa, lilikuwa jina la leso aliyokuwa amevaa. La pili lilikuwa Injili ya Marko, na ilimchukua karibu mwaka mzima. Aliniambia, "Ndugu yangu, kumbe maneno yalikuwa mwilini mwangu siku zote."

Ndugu wapendwa, tufundishwe nini na mambo haya?

Kwanza, kazi ya nyumbani ina heshima mbele za Mungu. Mwana wa Mungu alikaa Nazareti miaka mingi katika nyumba ya seremala. Nyumba ile ilikuwa na maji ya kuchotwa na sakafu ya kufagiwa kama nyumba nyingine zote. Na usiku ule wa mwisho, Yohana sura ya 13, alivua vazi lake la juu, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha wanafunzi miguu. Kazi ile ilikuwa ya mtumwa. Aliyeitenda ni Bwana. Basi mvulana asiambiwe tena kwamba kuosha vyombo ni kazi ya wasichana. Kama Yesu alishika beseni, mwanao anashindwaje? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wako watoto siku hizi waliofika kidato cha nne bila kufua soksi zao. Hao hatukuwapenda, tumewaharibu.

Pili, kazi isimwibie mtoto maisha yake. Kumfundisha mtoto kazi ni malezi. Kumtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, hata akakosa shule na kucheza na usingizi, si malezi. Tangu mwaka 2003 ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto na kazi za kumdhuru. Hata hivyo wako wasichana wanaotolewa kijijini kwenda mjini kufanya kazi katika nyumba za watu, na baadhi ya nyumba hizo ni nyumba zetu sisi tunaoimba kwaya. Wewe mama, wewe baba, unayetoka Jumapili asubuhi na familia yako mmependeza, nani amepiga pasi nguo hizo? Naye yuko wapi saa hii ya ibada? Je, amepata siku yake ya Bwana, au amebaki nyumbani na sufuria? Je, anajua kusoma? Je, unamlipa mshahara wake kwa wakati? Usijibu kwangu. Mjibu Mungu wako.

Tatu, tusiwavue watu heshima yao kwa ajili ya nguo. Tangu mitumba ilipoanza kuingia nchini kwa wingi katika miaka ya 1990, hata maskini anaweza kupata gauni la kanisani kwa fedha kidogo. Mlango wa hando umefungwa. Lakini tumefungua mwingine. Tunaagiza sare kwa kila sikukuu: kitambaa kipya, mshono mpya, kilemba kipya. Asiye na fedha ya sare anaanza kukaa nyuma, kisha anaanza kukosa, na hatimaye hatumwoni tena, na sisi twasema amepoa kiroho. Kumbe hakupoa. Amekaa chini ya mwembe. Katika kanisa lako, ni nani anayeketi nje kwa sababu ya nguo? Na ni nani atakayetoka kwenda kuketi naye?

Nne, tusisahau mikono iliyotusitiri. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hakuacha kitabu, hakuacha mahubiri. Aliacha mishono, na mishono ile ikashuhudia. Wengi wetu tulifika hapa tulipo kwa sababu mtu fulani aliamka alfajiri na debe kichwani. Kama mama yako yu hai, kama dada yako yu hai, mtafute wiki hii. Mshukuru kwa kinywa chako, na kwa mkono wako pia. Na kama binti yake anatafuta karo ya sekondari, hapo ndipo shukrani yako itapimwa.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyewavika Adamu na mkewe walipoona haya, twakushukuru kwa kila nguo iliyotusitiri na kwa kila mkono ulioishona na kuifua. Uwabariki akina mama na akina dada waliobeba mizigo yetu. Uwakumbuke wasichana wanaofanya kazi katika nyumba za wengine. Uwape waajiri wenye huruma, na uwafungulie njia ya elimu. Utusamehe tulipomdharau mtu kwa vazi lake. Utufundishe kushika beseni na kitambaa kama Bwana wetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.

Bwana awe nanyi, mpaka tutakapokutana tena.